Boila inatokota kama birika kila alfajiri: chanzo ni nini, na nianze wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaishi na familia yangu mjini Reading, Uingereza, katika nyumba tuliyoinunua miaka mitatu iliyopita. Boila yetu ni ya kombi, inatumia gesi, nayo imefungwa ndani ya kabati la jikoni. Tangu baridi ianze mwezi wa kumi na moja, kila alfajiri hitingi (mfumo wa kupasha nyumba joto) inapowaka boila huanza kutokota kama birika la chai, kisha hunguruma, na baada ya dakika chache hujizima, halafu huwaka tena. Redieta za ghorofani zinatoa sauti ya maji yanayochuruzika, na usiku sakafu inalia tak, tak, tak. Geji ya presha hushuka, kwa hiyo mume wangu huongeza maji karibu kila wiki. Jirani ametuambia kwamba itapasuka. Fundi mmoja alikuja, akasikiliza dakika tano, akasema tununue boila mpya. Je, kuna hatari? Na ni mambo gani ninayoweza kuyachunguza mwenyewe kabla sijalipa fedha nyingi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeeleza vizuri, na katika maelezo yako kuna sentensi moja niliyoirudia mara mbili, nayo ni ile inayosema kwamba mume wako huongeza maji karibu kila wiki. Nitaifikia. Kabla ya hapo sharti tuitenge hatari na usumbufu, kwa sababu boila ya gesi si kifaa cha kukisia.

Mkisikia harufu ya gesi, msiwashe wala msizime swichi yoyote, msiwashe kiberiti, fungueni madirisha, fungeni gesi kwenye mita ikiwa mnajua mkono wake ulipo, kisha tokeni nje na mpige 0800 111 999, ambayo ndiyo namba ya dharura ya gesi huko Uingereza na hupokelewa usiku na mchana bila malipo. Mkiona mwali umekuwa wa manjano badala ya buluu, au masizi meusi kwenye kifuniko cha boila, au watu wa nyumbani wakaumwa kichwa na kuhisi kizunguzungu kinachopungua wanapotoka nje, izimeni boila na mfanye hivyo hivyo, kwani hizo ni dalili za kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Na ikiwa kila boila inapowaka kunasikika kishindo kizito, kama mtu aliyefunga mlango kwa hasira, maana yake ni kwamba gesi inajikusanya kabla cheche haijaishika. Boila yenye kishindo cha namna hiyo isiwashwe tena mpaka ikaguliwe. Kama hamna king'ora cha kaboni monoksidi karibu na kabati hilo, nunueni leo, msisubiri fundi.

Katika uliyoniandikia sioni dalili hizo. Ama hofu ya jirani yako, boila ya kombi iliyofungwa inavyotakiwa ina kinga zaidi ya moja. Ina kihisi kinachokata moto maji yanapozidi joto lililopangwa, na ina vali ya usalama ambayo hufunguka presha inapofika bar 3 (bar ni kipimo cha presha) na kuyatoa maji nje ya nyumba kwa bomba la shaba. Huko kuwaka na kujizima kila alfajiri yaelekea ni kinga ya kwanza ikifanya kazi yake: maji ndani ya boila yanapata joto haraka kuliko yanavyoweza kuondoka, basi boila inauzima moto kujiokoa. Kwa hiyo kinachoharibika taratibu ni boila yenyewe, na ndiyo sababu shauri hili lisiachwe hadi majira ya joto.

Sasa tuje kwenye sauti zenyewe. Kiswahili kimetujalia maneno mengi ya milio, na hilo ni jambo la kushukuru, maana kutokota si kububujika, kunguruma si kuvuma, na kukwaruza si kugonga. Hata hivyo, jina la mlio peke yake halitoshi kumtambulisha mgonjwa. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi hii niliitwa katika nyumba iliyokuwa ikirindima kama ngoma kila jioni. Nilisikiliza, nikaamua kwamba pampu imekufa, nikaibadilisha, na mwenye nyumba akalipa. Jioni ya pili ngoma ikarudi pale pale. Kumbe vali ya redieta moja, ile yenye kichwa cha namba, ilikuwa imefungwa kinyume na mwelekeo wa maji, na kila ilipokaribia kujifunga, maji yaliisukuma na kuiachia, yakaisukuma na kuiachia, mpaka mabomba yote yakatikisika. Lau ningeuliza ngoma inaanza lini, ningeambiwa kwamba huanza chumba cha mbele kinapokaribia kupata joto, na jibu hilo moja lingenipeleka moja kwa moja kwenye redieta ya chumba cha mbele. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni “inalia wakati inafanya nini?”, ndipo nikauliza inalia vipi.

Nawe anza hapo. Boila ya kombi ina kazi mbili zinazopita njia mbili tofauti. Kazi ya kwanza ni kuyapasha maji yanayozunguka kwenye redieta, ambayo ni yale yale yanayokwenda na kurudi mwaka mzima. Kazi ya pili ni kuyapasha maji ya bomba unayooshea vyombo na kuogea, ambayo ni mapya kila unapofungua. Zima hitingi kabisa, subiri nusu saa boila ipoe, kisha fungua bomba la maji moto la jikoni mpaka mwisho, usimame karibu na kabati kwa dakika tano. Baadaye fanya kinyume: usifungue bomba lolote, washa hitingi peke yake, usikilize tena. Ikiwa mtokoto unatokea bomba linapofunguliwa tu, aghalabu chokaa imeziba kibadilishajoto kidogo cha mabamba kinachopasha maji ya kuogea, na kipande hicho hubadilishwa bila kuigusa sehemu kubwa ya boila. Ikiwa unatokea kwenye hitingi peke yake, kasoro iko kwenye mzunguko wa redieta. Ikiwa unatokea pande zote mbili, mtazame zaidi kibadilishajoto kikuu, pampu au feni, kwa kuwa hivyo hutumika katika kazi zote mbili.

Kwa jinsi ulivyoeleza, natarajia utausikia kwenye hitingi, kwa hiyo nitafafanua mtokoto huo unatokana na nini. Kibadilishajoto ni kile kipande cha chuma chenye njia nyembamba ambamo maji hupita upande mmoja huku moto ukiyapasha kutoka upande wa pili. Magamba ya chokaa au tope la kutu likishika ukuta wa njia hizo, maji hupita kwa shida, na chuma kilicho chini ya magamba hupata joto kali kuliko kilivyokusudiwa. Pale penye joto kali maji huchemka papo hapo na kutoa viputo vya mvuke. Viputo hivyo vikifika kwenye maji yenye joto la chini hupasuka na kutoweka, na mamia ya mipasuko hiyo midogo ndiyo unayoisikia kama birika linalokaribia kuchemka. Ni sauti ile ile ya birika la nyumbani, kwa sababu ni jambo lile lile linalotendeka.

Waliokulia pwani wataielewa chokaa hii bila maelezo mengi. Kisima kilichochimbwa katika mawe ya matumbawe hutoa maji magumu, sabuni haifanyi povu, na sufuria ya kuchemshia maji hayo hujivika utando mweupe mgumu usiotoka ila kwa ndimu au siki. Mji wa Reading nao uko kwenye nchi ya miamba ya chaki, na maji ya bomba ya eneo hilo la bonde la mto Thames hadi London ni magumu. Aghalabu yana chokaa kiasi cha miligramu 250 hadi 300 katika kila lita. Ndugu zetu walioko Scotland au Wales, ambako maji mengi ni laini, wakisikia mtokoto kama huu wafikirie kwanza tope, kisha ndipo wafikirie chokaa.

Hapa ndipo sentensi yako ya kuongeza maji inapokuwa ufunguo. Nyumba ya kawaida yenye redieta kumi hivi hubeba maji yasiyopungua sana wala kuzidi sana lita 100. Kwa ugumu wa miligramu 300, maji yote hayo yana gramu 30 tu za chokaa, ambazo ni kama vijiko vichache vya unga. Mfumo uliojazwa mara moja na kufungwa hauwezi kujiziba kwa kiasi hicho. Lakini mkiongeza lita 2 kila wiki, kwa mwaka mnaingiza lita 104, yaani ni kama kuumwaga mfumo mzima na kuujaza maji mapya kila mwaka, huku chokaa ya mwaka jana ikiwa imebaki ndani. Si yote hugeuka magamba, lakini inayogeuka huchagua mahali penye joto zaidi, na mahali hapo ni ndani ya kibadilishajoto. Mbaya zaidi kuliko chokaa ni hewa. Maji mapya huingia na oksijeni iliyoyeyuka ndani yake. Oksijeni hiyo hula chuma cha redieta, na chuma kilicholiwa huwa unga mweusi mwororo unaoganda kwenye sumaku, ambao huzunguka na maji mpaka upate pembe ya kulala. Na dawa ya kuzuia kutu ambayo huenda ilitiwa wakati boila inafungwa, nayo inazimuliwa kila wiki hadi isifae kitu.

Basi utaona kwamba mambo matatu uliyoyaeleza, mtokoto, kujizima, na maji yanayochuruzika kwenye redieta za ghorofani, yanaweza kuwa na mzizi mmoja. Hata saa ya alfajiri ina maelezo yake. Presha ya maji huwa chini kabisa mfumo ukiwa baridi, na maji yenye presha ndogo huchemka mapema zaidi: geji ikisoma bar 1 maji huchemka karibu nyuzi joto 120, ikishuka hadi nusu bar huchemka karibu nyuzi 111. Boila inapowaka alfajiri kwa moto mkubwa, nyumba ikiwa imepoa na geji iko chini, masharti yote ya mtokoto yanakuwa yametimia.

Kwa hiyo swali kubwa linabaki kuwa maji yanakwenda wapi. Mfumo mzuri hauhitaji kuongezwa maji zaidi ya mara moja au mbili kwa mwaka. Chukua daftari, uandike kwa siku tatu geji inasoma ngapi alfajiri kabla hitingi haijawaka, na inasoma ngapi baada ya kuwaka saa nzima. Boila nyingi za nyumbani hutaka bar 1 hadi 1.5 zikiwa baridi, na kupanda kwa nusu bar hivi zikiwa moto si tatizo. Ikiwa geji inaanzia bar 1 ikipanda kuelekea 3, kisha ukiikuta asubuhi imeanguka karibu na sifuri, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni tangi la kutanukia. Maji lita 100 yakitoka nyuzi joto 10 hadi 70 huongezeka lita 2 na zaidi kidogo, na lita hizo zinahitaji pa kwenda. Ndani ya boila kuna tangi dogo bapa lenye utando wa mpira katikati, maji upande mmoja na hewa iliyojazwa upande wa pili. Hewa hiyo ndiyo inayobonyea na kuyapokea maji yaliyotanuka. Hewa huvuja polepole kwa miaka, na ikiisha maji hayana nafasi, presha hupaa, vali ya usalama hufunguka na kuyamwaga nje, na mfumo ukipoa geji huanguka. Mume wako huongeza maji, kesho yake boila huyamwaga tena. Fundi hulijaza hewa tangi hilo kwa pampu isiyotofautiana sana na ya baiskeli, baada ya kuiondoa presha ya maji, na ikiwa mpira haujachanika kazi hiyo haichukui muda mrefu.

Ushahidi wake uko nje ya nyumba. Zunguka upande wa nyuma wa ukuta wa jikoni, utafute bomba jembamba la shaba linalochomoza ukutani na kuinama kuelekea chini au kuurudia ukuta. Ukuta chini yake ukiwa na alama ya unyevu au michirizi myeupe au ya kijani, bomba hilo limekuwa likitoa maji. Siku isiyo na mvua weka kopo chini ya mdomo wake asubuhi na ulitazame jioni; usiufunge mdomo huo wala kuuziba kwa namna yoyote, kwa kuwa ndiyo njia ya usalama, na maji yanayotoka yanaweza kuunguza. Kopo likibaki kavu na geji haipandi sana, tafuta uvujaji kwenye redieta: pitisha karatasi laini ya jikoni chini ya kila vali na kila kiungo, kwa sababu tone linalokaushwa na joto la redieta halionekani kwa macho, lakini karatasi italishika. Tazama pia dari za chini ya bafu, na mazulia yanayokunjamana bila sababu.

Ama sauti ya maji yanayochuruzika kwenye redieta za ghorofani, hiyo ni hewa, au gesi iliyotokana na kutu, imejikusanya juu. Gusa redieta kwa kiganja ikiwa moto: juu baridi na chini moto, ina hewa, juu moto na chini katikati baridi, ina tope. Kuitoa hewa ni kazi yako mwenyewe. Zima hitingi na usubiri redieta zipoe, shika kitambaa na kikombe, ingiza ufunguo mdogo wa redieta kwenye tundu la pembeni juu, uzungushe robo tu kinyume cha saa mpaka usikie ssss, na maji yakianza kutoka uufunge. Usiache mshumaa wala sigara karibu, kwani gesi ya kutu huwa na haidrojeni inayoshika moto. Ukimaliza redieta zote rudi kwenye geji, kwa sababu itakuwa imeshuka. Fungua polepole vali za hosi ya kujazia maji mpaka isome bar 1.2 hivi, ufunge zote mbili, na kuiondoa hosi hiyo kama inaondoka, jinsi kanuni za maji za huko zinavyotaka.

Usiyamwage maji yaliyotoka kwenye redieta. Yatie kwenye chupa ya kioo na uyaache usiku kucha dirishani. Yakiwa maangavu au yenye rangi hafifu, mshukuru Mungu. Yakiwa meusi kama wino, na ukipitisha sumaku ya friji ubavuni mwa chupa masimbi yake yakaifuata, una tope la kutu. Mwekee fundi chupa hiyo juu ya meza, maana itamweleza mengi kabla hajafungua begi lake.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda, na hakihitaji kifaa cha dukani. Chukua mwiko wa mti wenye mpini mrefu, ugusishe ncha yake kwenye bomba linalotoka chini ya boila, na uutege sikio kwenye ncha nyingine ukiwa umebana sikio la pili kwa kidole. Mti huleta mlio wa ndani ya bomba na kuzizuia kelele za jikoni. Utasikia ama mkondo laini wa maji, ama changarawe ya viputo inayotatarika, ama msago mkavu wa vyuma. Huo wa mwisho, ukiendelea hata baada ya moto kuzimika kwa dakika kadhaa, ni wa pampu, kwani pampu huendelea kuzunguka kwa muda baada ya moto kukatwa. Mvumo mwembamba unaoanza sekunde chache kabla ya moto kuwaka na kupanda taratibu kama nyuki anayekaribia, huo ni wa feni. Angalia usiungue, na usifungue kifuniko cha boila hata kama skrubu zake zinaonekana. Katika boila nyingi kifuniko hicho ndicho kinachouzuia moshi wa moto usiingie chumbani.

Tak, tak, tak ya sakafuni usiku niiondoe kwenye orodha ya hofu zako. Shaba hutanuka ikipata joto: bomba la mita 10 likipanda nyuzi 50 hurefuka milimita 8 na nusu. Chini ya sakafu mabomba yamelazwa kwenye pengo zilizokatwa katika mbao, na bomba linapotaka kurefuka mbao hulishika, kisha huliachia ghafla, na kila kuachia ni “tak” moja. Utaisikia hitingi inapowaka na inapozimika, kati ya hapo itanyamaza. Dawa yake ya kudumu ni kufunua sakafu na kuweka kipande cha jora au blanketi mahali bomba linapogusana na mbao. Ila ipo nafuu isiyo na gharama yoyote, nayo itakusaidia hata kwa mtokoto. Kwenye uso wa boila kuna kitufe au vitufe viwili vya joto, kimoja chenye alama ya redieta na kingine chenye alama ya bomba. Kile cha redieta mara nyingi kimeachwa kwenye nyuzi 75 au 80. Kishushe hadi 60. Nyumba itachelewa kidogo kupata joto, kwa hiyo iwashe nusu saa mapema, lakini chuma hakitachemka sana, mabomba yatarefuka kidogo, na gesi itapungua, kwa sababu boila za sasa huvuna joto la mvuke wa moshi vizuri maji yanaporudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Ushauri huu ni wa boila ya kombi kama yako. Wenye tangi la kuhifadhia maji moto wasilishushe tangi hilo chini ya nyuzi 60, kwa ajili ya vijidudu vinavyostawi kwenye maji vuguvugu.

Jambo moja usilichanganye na haya, kwa kuwa Januari inakuja. Asubuhi ya barafu kali, boila ikibubujika kama mtu anayesukutua maji kooni kisha ikagoma kuwaka, hiyo si chokaa. Mvuke wa moshi uliopozwa huwa maji, na maji hayo hutoka kwa bomba jembamba la plastiki. Likipita nje ya ukuta huganda, maji yakarudi ndani. Limwagie maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, au ulifunge chupa ya mpira yenye maji ya moto, kisha uiwashe upya. Baadaye mwombe fundi aweke bomba pana zaidi la milimita 32 kwa sehemu iliyo nje na alivike sponji.

Sasa kuhusu fundi. Mtu yeyote anayefungua boila ya gesi nchini humo sharti awe ameandikishwa Gas Safe Register, orodha iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009. Mwombe kadi yake, na uigeuze nyuma, kwani nyuma ndipo panapoandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Si aibu kuuliza, na fundi mwaminifu hakasiriki. Wasomaji walio kwenye nyumba za kupanga wajue kwamba kwa kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 mwenye nyumba anawajibika kukagua vifaa vyake vya gesi kila miezi 12 na kumpa mpangaji nakala ya cheti, hivyo mpangaji asijilipie ukarabati wa boila.

Fundi akifika, mwambie: “Inatokota kwenye hitingi peke yake, alfajiri, geji ikiwa chini, maji yanaongezwa kila wiki, haya hapa maandishi ya siku tatu na hii hapa chupa ya maji ya redieta.” Kisha msikilize anaanza na nini. Mpangilio ninaoutetea ni huu: kwanza azuie maji yasipotee, iwe ni kwa kulijaza tangi la kutanukia hewa, kubadilisha vali ya usalama ambayo ikishafunguka mara nyingi huwa haifungi tena sawasawa, au kuziba uvujaji, pili ausafishe mfumo kwa dawa au kwa mashine ya kusukuma maji kwa nguvu, huku akiulizia kwanza kibadilishajoto ni cha chuma gani, maana baadhi ni vya alumini na si kila dawa inavifaa, tatu atie dawa mpya ya kuzuia kutu na kufunga chujio la sumaku kwenye bomba linalorudi. Anayesafisha kabla ya kuziba anakuuzia usafi wa miezi michache. Na anayefunga boila mpya juu ya maji meusi yale yale anakuuzia mtokoto mpya, sikwambii na watengenezaji wengi hukataa kuitambua dhamana wakikuta tope ndani.

Sisemi kwamba boila yako haitahitaji kubadilishwa. Ikiwa kibadilishajoto kikuu kimeziba kiasi cha kutosafishika, au kimetoboka na maji yanapotea kupitia lile bomba la plastiki la maji ya mvuke ndani kwa ndani bila kopo wala karatasi kulowa, gharama ya kipande hicho pamoja na kazi inaweza kukaribia nusu ya boila mpya, na hapo umri wake ndio utakaoamua. Lakini uamuzi huo hufikiwa baada ya vipimo, na dakika tano za kusikiliza si kipimo.

Kesho alfajiri, kabla hitingi haijawaka, mwache mume wako asiongeze maji mpaka umeisoma geji, alimradi haijashuka chini ya nusu bar. Andika namba hiyo, na ile ya saa moja baadaye, na hali ya kopo lako jioni. Ukinitumia hizo tatu pamoja na picha ya chupa, nitakueleza ni kazi ipi kati ya hizo umwombe fundi aifanye kwanza.